Kamera ya 2014 bado inatosha? Kisa cha studio ndogo na bajeti ya shilingi 1,500,000

Usuli

Studio ya kisa hiki iko katika mji wa wilaya nchini Tanzania. Jina lake, mji na majina ya wahusika vimeondolewa. Inaendeshwa na watu wawili, mwenye studio na msaidizi wake. Riziki ya kila siku ni picha za pasipoti na vitambulisho, picha za familia zinazochapwa palepale, na sendofu au harusi mbili tatu kwa mwezi. Msimu mkubwa ni mahafali ya darasa la saba na kidato cha nne. Wiki chache hizo huleta fedha za kulipia pango la miezi mingi.

Kamera ilikuwa moja: Canon EOS 1200D, toleo la mwaka 2014, iliyonunuliwa ikiwa imeshatumika. Ilikuwa na lensi yake ya 18-55 mm yenye IS (kituliza mtetemo), taa mbili za studio zenye miavuli, triga ya bei nafuu ya kuwashia taa hizo bila waya, na flashi moja ya kuchomeka juu ya kamera.

Lawama zilitoka kwenye mahafali. Wazazi walirudisha picha wakisema watoto wana ukungu, nyuso zina chembechembe, na mkono unaopokea cheti hauonekani vizuri. Shule moja ilitamka wazi kwamba mwaka unaofuata itatafuta mpigapicha mwingine. Muuza kamera akatoa ushauri uliozoeleka: kamera imezeeka, nunua 2000D mpya. Studio ilikuwa imeweka akiba ya shilingi 1,500,000, na 2000D mpya pamoja na lensi yake ingekula shilingi 1,350,000.

Karatasi inasema nini

Kabla ya kutoa fedha waliweka sifa za matoleo matatu ya familia moja sambamba: 1200D ya 2014, 1300D ya 2016 na 2000D ya 2018. Kazi hii ichukue jioni nzima kama ni lazima, maana ndipo fedha nyingi huokolewa.

Zote tatu zina nukta 9 za fokasi, na ya katikati pekee ndiyo ya msalaba, yaani inayoshika mistari ya wima na ya mlalo. Zote hupiga picha 3 kwa sekunde. Zote zina ISO (wepesi wa sensa kupokea mwanga) ya kawaida kuanzia 100 hadi 6400, hutumia betri ileile ya LP-E10, na hukubali flashi hadi spidi ya shata ya 1/200 ya sekunde. Hakuna hata moja yenye tundu la maikrofoni. Video ni 1080p kwa zote.

Tofauti zenyewe ni hizi. 1200D na 1300D zina megapikseli 18, 2000D ina 24. Kioo cha nyuma cha 1200D kina nukta 460,000, hizo nyingine zina 920,000, na mtu anayekagua fokasi juani huiona tofauti hiyo mara moja. 1300D na 2000D zina Wi-Fi, 1200D haina.

Megapikseli ndizo zinazouzia kamera, kwa hiyo tuzipigie hesabu. Picha ya 1200D ina pikseli 5184 kwa 3456, na ya 2000D ina 6000 kwa 4000. Kwa urefu, hilo ni ongezeko la asilimia 16 hivi tu. Picha ya pasipoti ya milimita 35 kwa 45, ikichapwa kwa nukta 300 kwa inchi, inahitaji pikseli 413 kwa 531. Picha ya inchi 4 kwa 6 inataka 1200 kwa 1800. Ya inchi 8 kwa 12, ambayo ndiyo kubwa inayouzwa kila wiki pale studio, inataka 2400 kwa 3600. A3 inataka 3508 kwa 4961, na 1200D inaifikia isipokuwa pikseli chache za upande mfupi ambazo hakuna jicho litakalogundua kwamba hazipo. Kwa hiyo hakuna bidhaa hata moja ya studio ile iliyokwama kwa uhaba wa megapikseli.

Siku mbili na 2000D ya kukodi

Hata hivyo karatasi si picha. Walikodi 2000D kwa siku mbili ili waifanyie kazi zao halisi.

Siku ya kwanza iliharibika ndani ya dakika kumi. Msaidizi alichomeka triga juu ya 2000D, akapanga ISO 100, f/8 (uwazi wa lensi: namba ndogo ni uwazi mkubwa) na 1/125, akabonyeza. Taa zikanyamaza, picha ikatoka nyeusi. Akabadilisha betri ya triga, akabadilisha chaneli, akasugua chuma kwa kitambaa kikavu. Hali ileile. Aliporudisha triga kwenye 1200D, taa ziliwaka kwa bonyezo la kwanza. Wote wawili wakaamini kamera ya kukodi ni mbovu.

Haikuwa mbovu. Weka kamera hizi mbili kando kwa kando, utazame pale juu flashi inapochomekwa. Kwenye 1200D kuna duara kubwa la chuma katikati, na nukta nne ndogo za chuma karibu yake. Kwenye 2000D zipo nukta ndogo tu, duara la katikati halipo. Canon iliondoa pini hiyo kwenye 2000D, 4000D na 250D. Pini ya katikati ndiyo njia ya jumla ya kusema "waka", na triga za bei nafuu pamoja na flashi za manyuo, yaani zinazopangwa nguvu kwa mkono, hazijui lugha nyingine. Kamera isiyo na pini hiyo huwasiliana tu na vifaa vinavyoelewa mfumo wa flashi wa Canon wenyewe, yaani ETTL. Baadhi ya triga za kampuni nyingine zenye ETTL hufanya kazi nayo, nyingine mpaka zisasishwe programu, na za bei ya chini kabisa hazifanyi kazi kabisa.

Wakajaribu njia ya kuzunguka: kufungua flashi ndogo ya ndani ya kamera ili jicho la taa za studio liione na kuziwasha. Taa ziliwaka kweli, ila picha bado ikatoka na giza. Katika ETTL, flashi ya ndani hutoa mwako mdogo wa kupimia kabla ya shata kufunguka. Jicho la taa za bei ya kawaida halitofautishi mwako wa kupimia na mwako wenyewe, kwa hiyo taa zilimaliza kazi yao kabla picha haijaanza kupigwa. Taa yenye uwezo wa kupuuza mwako wa kwanza, ambao kwenye flashi nyingi huandikwa S2, ingeepuka tatizo hili. Zao hazikuwa nayo.

Kikwazo kingine kilikuwa kwenye kompyuta. Studio inatumia Lightroom 6, programu ya Adobe ya kuhariri picha, ile ya kununua mara moja. Toleo lake la mwisho, 6.14, lilitoka Desemba 2017, na 2000D ilitangazwa Februari 2018. Faili za RAW (picha ghafi) za 2000D hazikufunguka. Adobe wana DNG Converter ya bure inayozigeuza ziweze kufunguka, lakini kwa picha mia tano za harusi hiyo ni hatua ya ziada na nafasi ya ziada kwenye diski.

Siku ya pili ilikuwa ya kulinganisha ubora. Lensi ileile ya 18-55 ilihamishwa kutoka bodi (kamera bila lensi) moja hadi nyingine, mtu aliyekaa ni yuleyule, kamera iko kwenye tripodi. Studioni walitumia mwanga wa dirishani kwa bodi zote mbili ili tatizo la triga lisiingilie, kisha wakaenda kwenye ukumbi wenye taa chache za dari. Walichapa picha za inchi 8 kwa 12, wakaandika namba kwa nyuma na kuzichanganya. Kwa ISO 100 hadi 800 mwenye studio hakuweza kuzitofautisha. Kwa ISO 3200 alizitofautisha kwa kuinamia karatasi: ya 2000D ilikuwa safi kidogo kwenye vivuli. Tofauti hiyo ipo, lakini haifiki hatua moja ya mwanga (kila hatua ni mwanga mara mbili). Na kwenye ukumbi, bodi zote mbili zilihangaika kushika fokasi kwa namna ileile, jambo lisiloshangaza kwa kuwa nukta za fokasi ni zilezile.

Kosa lilikuwa wapi hasa

Baada ya jaribio walifungua picha za mahafali zilizolalamikiwa, wakasoma taarifa zilizohifadhiwa ndani ya faili. Nyingi zilipigwa kwa mpangilio wa otomatiki: f/5.6, 1/60, ISO 3200, lensi ikiwa imevutwa hadi 55 mm.

Jibu lote limo humo. Mtoto anayetembea jukwaani na kunyoosha mkono hasimami kwa 1/60, lazima aache ukungu. IS ya lensi hutuliza mtetemo wa mikono ya mpigapicha, haimtulizi anayepigwa picha. Ili kufika 1/125 kwa f/5.6, ISO ingepanda hadi 6400, na hapo chembechembe zingezidi. Lensi ya 18-55 ikivutwa mwisho haifunguki zaidi ya f/5.6. Lensi ya 50 mm f/1.8 STM ikifunguliwa f/2 huingiza mwanga mara nane zaidi, yaani hatua tatu kamili. Ukumbi uleule, 1/125 ileile, ISO inashuka kutoka 6400 hadi 800.

Pima sasa: bodi mpya inaleta chini ya hatua moja, lensi ya sehemu ndogo ya bei hiyo inaleta tatu.

Uamuzi na sababu zake

Hawakununua 2000D. Waliamua kubaki na 1200D kwa kazi za studio, wakaongeza 1300D iliyotumika kama bodi ya pili ya matukio. Kwa bei za mji ule wakati ule, mgawo ulikuwa hivi: bodi ya 1300D shilingi 480,000, lensi ya 50 mm STM 330,000, flashi ya pili ya manyuo 190,000, betri mbili 70,000, memori kadi mbili za GB 32 shilingi 60,000. Jumla 1,130,000. Iliyobaki iliwekwa kwa ajili ya matengenezo.

1300D ilichaguliwa kwa sababu tatu. Ina pini ya katikati, kwa hiyo triga na flashi zote walizokuwa nazo zinafanya kazi. Betri ni zilezile. Na ina Wi-Fi: mteja wa sendofu anataka picha tano kwenye WhatsApp kabla keki haijakatwa. Kwa 1200D kazi hiyo inafanyika kwa kisoma kadi cha kuchomeka kwenye simu, na inafanyika vizuri tu, ila lazima kadi itoke kwenye kamera katikati ya shughuli, na kadi inayotoka ndiyo inayopotea.

Sababu kubwa kuliko zote, kwa maoni yetu, ni kuwa na bodi mbili. Mpigapicha wa harusi mwenye kamera moja anacheza na heshima yake. Shata ikigoma wakati wa pete, hakuna wa kumrudishia bibi harusi dakika ile. Bodi moja mpya haitoi kinga hiyo, bodi mbili za zamani zinaitoa.

Ukaguzi wa bodi iliyotumika

Idadi ya mibonyezo ya shata haisomeki kwenye namba ya faili. Namba za Canon hufika IMG_9999 na kurudi 0001, na mtu anaweza kuzianzisha upya. Nikon huandika idadi hiyo ndani ya picha yenyewe, lakini kwa 1200D na 1300D inabidi kuunganisha kamera na kompyuta kwa waya na kutumia programu ya kuisoma. Bodi waliyoinunua ilikuwa na 23,000 hivi, pungufu ya ile waliyokuwa nayo, yenye 41,000.

Walipiga ukuta mweupe kwa f/22 na kukagua madoa ya vumbi kwenye sensa. Walijaribu nukta zote 9 za fokasi, moja baada ya nyingine. Walichomeka flashi na kuitikisa wakiwa wanapiga, kuona kama inakatika. Walifungua na kufunga mlango wa kadi mara kadhaa.

Muuzaji alitaka kuwaongezea lensi ya 18-55 kwa shilingi 60,000. Walimulika tochi ya simu upande mmoja wakachungulia upande wa pili: kulikuwa na nyuzinyuzi nyeupe kama utando wa buibui pembezoni mwa kioo cha ndani. Hiyo ni fangasi. Kamera hiyo ilikuwa imeishi pwani, na unyevunyevu wa pwani hauisamehe lensi iliyofungiwa kwenye begi bila pakiti za kufyonza unyevu. Waliiacha. Hata ingekuwa safi, ilikuwa ya DC III, isiyo na IS. Lensi mbili za 18-55 zinafanana sana kwa sura, na herufi hizo mbili kwenye pete ya mbele ndizo zinazotofautisha.

Msimu wa mahafali

Shule ya kwanza haikwenda vizuri kama walivyotarajia. Msaidizi alifungua lensi mpya hadi f/1.8 na kuiacha hapo siku nzima. Kwa 50 mm, umbali wa mita 3, sehemu iliyo kwenye fokasi ni sentimita 25 hivi tu. Mwalimu mkuu na mwanafunzi wanaopeana cheti hawasimami kwenye mstari mmoja: mmoja alitoka makini, mwingine laini. Pia alikuwa akifokasi kwa nukta ya katikati kisha kuisogeza kamera ili apange picha, na msogeo huo mdogo ulitosha kuharibu.

Walitaka kudundisha flashi darini, kumbe ukumbi hauna dari, ni mabati marefu na kenchi. Mwanga ulipotelea juu.

Kwa shule ya pili walibadilisha mpango. Flashi mbili ziliwekwa kwenye stendi, kila upande wa jukwaa, mita 4 hivi kutoka mahali pa kupokelea cheti, zikiwashwa kwa triga. Kila moja ilipangwa 1/32 ya nguvu, kamera ikiwa ISO 800, f/4, 1/160. Kwa nguvu ndogo hivyo flashi huwa tayari tena karibu papo hapo, na betri nne za AA za kila flashi zikamaliza shughuli yote. Kwa f/4 fokasi ikawa na kina cha zaidi ya nusu mita, nafasi ya kutosha kwa watu wawili. Mahali pa kusimama paliwekewa alama ya gundi ya karatasi sakafuni, na nukta ya fokasi ikachaguliwa pale uso wa mwanafunzi unapofika, bila kusogeza kamera.

Picha za makundi zilipigwa nje kwa 1200D yenye 18-55, kwa 24 mm na f/8. Lensi ya 50 mm haikufaa: kwenye sensa ya ukubwa huu inaona kama 80 mm kwenye kamera ya filamu ya 35 mm, na mpigapicha angelazimika kurudi nyuma hadi barabarani.

Jioni lilitokea kosa ambalo wenye kamera mbili wote wanapaswa kulihofia. Bodi zote mbili zilikuwa zikitoa faili zinazoanza na IMG_, na namba zao zilikuwa zimekaribiana. Kadi ya pili iliponakiliwa kwenye folda ya kwanza, kompyuta iliuliza kama ibadilishe, msaidizi akakubali. Picha zaidi ya 60 za kadi ya kwanza zilifunikwa. Ziliokolewa kwa sababu moja tu: kadi ilikuwa haijafutwa. Sasa kila bodi ina folda yake, saa za bodi zote hulinganishwa asubuhi kwa dakika na sekunde ili picha zipangike kwa wakati, na kadi haifutwi mpaka nakala mbili ziwepo.

Shule ya pili ililipa na kuagiza nakala za nyongeza. Shule iliyotishia kuondoka iliwapa nafasi nyingine baada ya kuona picha hizo.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi ni kukodi kabla ya kununua na kuijaribu kamera kwa vifaa vilevile vya studio. Suala la pini haliwekwi kwenye bango la duka. Mtu anayefika na triga yake mfukoni analigundua kwa dakika moja, kabla hajalipa.

Kilichoshindikana ni kuamini kwamba lensi mpya inajiendesha. Walitoka kwenye otomatiki wakaingia kwenye f/1.8 ya kudumu, kosa jipya badala ya la zamani. Jioni moja ya mazoezi ukumbini, watu wawili wakipeana karatasi, ingewaokolea shule ya kwanza.

Usidhani kwamba suala la toleo jipya kupunguza kitu ni la Canon pekee. Nikon D3300 ya 2014 ina tundu la maikrofoni na mfumo wa kutikisa vumbi kwenye sensa. D3400 ya 2016 haina vyote viwili, ingawa betri yake hupiga picha 1,200 kwa chaji moja dhidi ya 700. Anayepiga mahojiano ya video atapata hasara kwa kupanda toleo, anayepiga harusi atapata faida. Mwenye Nikon za daraja hili aangalie pia kwamba bodi hazina mota ya fokasi: lensi ya 50 mm f/1.8D itafokasi kwa mkono tu, anayotakiwa kununua ni AF-S 50 mm f/1.8G. Na lensi za AF-P hazifai kwa D3200 na za kabla yake. D3300 inazikubali baada ya kusasishwa.

Zipo kazi ambazo 1200D isingetosha. Kwa mteja wa video anayetaka sauti safi haitoshi, wala 2000D haitoshi. Anayekata kipande kidogo cha picha, kwa mfano ndege wa mbali au mchezaji upande wa pili wa uwanja, atazihitaji megapikseli 24. Na bodi yenye makosa ya shata yanayojirudia, kama Err 20 au Err 30, haipaswi kubebwa kwenye harusi hata kama ni ya bei gani. Err 01 ni jambo tofauti: hiyo husema kamera na lensi hazisikilizani, na mara nyingi ni chuma chafu kwenye kiungo au waya mwembamba uliokatika ndani ya lensi. Jaribu lensi nyingine kabla ya kulaumu bodi.

Studio bado inatumia 1200D kila siku kwa pasipoti. Mpira wa mshikio umebanduka pembeni ukagundishwa. Taa mbili, f/8, ISO 100, 1/125, mteja anakaa, anaondoka na picha zake nne mkononi.